Masafa ya Safari ya Hijja: Kutoka Pwani Yetu ya Kusini hata Jidda



Katika darsa zetu za baada ya sala ya Magharibi yameulizwa maswali na baadhi ya ndugu walionuia kwenda Hijja, nayo kwa jumla ni haya. Kutoka kwetu huku Msambweni, Gazi, Diani na Tiwi hata Jidda ni masafa gani? Ndege huyakata kwa muda gani? Na safari ambayo mtu huweza kuimaliza baina ya Adhuhuri na Magharibi, je, ni safari ya kisharia, au ni matembezi tu? Baadhi ya waliohudhuria walicheka kwa swali la kwanza, wakasema hilo ni la wauza tikiti, si la msikitini. Sisi hatuafikiani nao. Mwenye kuyajua masafa yake ndiye ajuaye wapi apunguze sala, wapi atie nia ya ihramu, na lini afuturu. Asiyejua huwa ni mzigo wa kuvutwa na wenziwe, na huenda akashuka Jidda hali ya kuwa ameshaivuka mikati bila ya ihramu, ikamlazimu kurudi nyuma au kuchinja.

Basi na tuanze na masafa yenyewe.

Liko jambo ambalo twaliona kila siku na wengi wetu hatulizingatii. Misikiti yetu yote ya pwani hii, tangu ule Msikiti wa Kongo ulioko Diani kwenye mlango wa mto Mwachema mpaka misikiti ya Vanga, kibla chake ni kaskazini, nusura kaskazini sawasawa. Wenzetu wa Misri huelekea kusini-mashariki, na wa Bara Hindi huelekea magharibi. Sisi twaelekea kaskazini. Maana yake ni kwamba Msambweni na Makka ziko juu ya mstari mmoja unaokwenda kutoka kusini hata kaskazini ya dunia. Wenye elimu ya ramani huugawanya mzunguko wa dunia kwa sehemu 360, ambazo katika vitabu vya Kiarabu huitwa daraja, na vijana wa skuli huziita digrii. Msambweni iko kwenye daraja ya 39 na nusu upande wa mashariki wa Greenwich, na Makka ni 39 na ushei, haikutimia 40. Madina nayo ni 39 na nusu na kidogo. Mtu akitoka mlangoni mwa msikiti wa Msambweni na kuufuata uso wake wa sala bila ya kupinda, atapita Garissa, ataingia Habasha, atapita karibu na mji wa Mekele, ataifikia bahari penye bandari ya Massawa, atavuka Bahari ya Sham, na hapo atakuta Jidda mkononi mwake wa kushoto na Makka mkononi mwake wa kulia.

Kwa sababu hiyo hesabu ya masafa yetu ni nyepesi kuliko ya watu wengi duniani, wala haihitaji chombo. Msambweni iko kusini ya mstari wa Istiwai, yaani ikweta, kwa daraja 4 na nusu. Jidda iko kaskazini ya mstari huo kwa daraja 21 na nusu. Jumlisha: ni daraja 26. Daraja moja ya kutoka kusini kwenda kaskazini ni maili za baharini 60, nazo ni sawa na kilomita 111 na kitu. Zidisha 26 kwa 111 upate kilomita 2,886. Haya ndiyo masafa ya Msambweni na Jidda kwa njia iliyonyooka. Mwenye kupandia ndege Mombasa, kwa kuwa Mombasa iko mbele yetu karibu nusu daraja, atapata kilomita 2,860 hivi mpaka kwenye kiwanja cha ndege cha Jidda.

Wala asidhani mtu kwamba kipimo hiki tumekiazima kwa wageni. Khalifa al-Ma'mun, aliyetawala Baghdad tangu mwaka 813 hata 833, aliwatuma wanavyuoni wa falaki kwenye jangwa la Sinjar kuipima daraja moja ya ardhi. Waliupima urefu wa nyota ya kaskazini juu ya upeo wa macho, kisha wakaenda kwa kunyooka, wakihesabu masafa kwa kamba, mpaka nyota ile ilipobadilika kwa daraja moja. Wakapata maili 56 na thuluthi mbili, kwa maili ya Kiarabu ya zama hizo. Maili hiyo ilikuwa karibu kilomita mbili, na kwa hivyo kipimo chao hakitengani sana na hiki cha leo. Elimu hii ilikuwa katika vyuo vyetu kabla ya kuwa katika skuli, na leo mwanafunzi wa chuo akiulizwa umbali wa Makka husema, "Ni mbali."

Lakini hesabu hii ya kuzidisha kwa 111 isitumiwe kila mahali. Yafaa kwetu kwa sababu tu safari yetu ni ya kusini kwenda kaskazini. Mistari ile ya kutoka ncha ya kusini hata ncha ya kaskazini hukaribiana kila iendapo mbali na Istiwai, kama vipande vya chungwa, na kwa hivyo daraja za mashariki na magharibi hazina kipimo kimoja. Chukua Maskati, ambayo wazee wetu wa pwani waliihesabu kama mlango wa pili. Kutoka Mombasa ni kilomita 3,700 hivi, nayo iko mbali kuliko Jidda kwa zaidi ya kilomita 800. Wengi walioulizwa katika darsa walijibu kinyume.

Hayo ni masafa ya mstari. Ama njia ya ndege ni jambo jingine. Ndege haziendi kama kunguru. Hufuata njia zilizopangwa angani, huepuka nchi zenye vita, na msafiri hupelekwa kwanza kwenye mji wa shirika aliloliamini tikiti yake. Wengi wetu hupitia Nairobi. Kutoka Mombasa hata Nairobi ni kilomita 420 kwa anga, na kutoka Nairobi hata Jidda ni kama 2,570. Jumla ni 2,990, yaani nyongeza ya kilomita 130 tu. Mwenye kupitia Addis Ababa hapotezi kitu katika masafa, kwani mji huo uko karibu sana na mstari wetu na ni nusu ya njia. Ama mwenye kupitia Dubai huenda kwanza 3,670, kisha hurudi magharibi 1,700, jumla 5,370, nusura mara mbili ya safari. Huenda tikiti yake ikawa rahisi kwa bei, na hatumkatazi; lakini ajue anachokinunua, khasa akiwa anafuatana na mzazi mkongwe. Na khitilafu hii ya njia itakuja kuwa na hukumu yake mbele.

Sasa muda. Ndege kubwa za leo, zikishatulia angani, huenda kama kilomita 850 kwa saa, zaidi au pungufu kwa upepo. Gawanya 2,570 kwa 850 upate saa tatu, ongeza muda wa kupanda na kushuka na kuzunguka. Kutoka Nairobi hata Jidda ni kama saa nne. Kutoka Mombasa au kiwanja cha Ukunda hata Nairobi ni saa moja.

Wazee wa wazee wetu walikwenda kwa jahazi. Waliongoja kusi liwashike mgongoni, kwani kusi kwetu huvuma kuelekea kibla, wakapanda hata Aden. Kisha ndani ya Bahari ya Sham pepo ni nyingine, na chombo hakikwenda tena kwa kusi. Na mwaka wetu wa Hijria ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi, kwa hivyo Hijja huzunguka misimu yote. Mwaka ambao Dhulhijja iliangukia katikati ya kaskazi, aliyetaka kuhiji hakuwa na budi kuondoka na kusi lililotangulia, akakaa ugenini miezi, kisha akangoja tena upepo wa kumrudisha. Mtu aliaga watu wake kama aagaye kwa kufa. Leo mtu huaga kwa simu akiwa keshakaa kitini.

Hata hivyo saa hizo nne au tano ni za angani tu. Mwenye kutoka Msambweni lazima afike kwanza Mombasa. Ama atapita Likoni asubiri kivuko, na kivuko hakina ahadi. Ama atachukua barabara mpya ya Dongo Kundu, inayomtoa bara ya Kwale mpaka upande wa Miritini na kiwanja cha ndege bila ya kuingia kisiwani. Wengine hukata shauri ya kwenda Nairobi kwa gari la moshi lile jipya lililoanza mwaka 2017, nalo huchukua saa tano au sita. Kisha kuna saa tatu za kungoja kabla ya ndege ya nje, na Jidda kuna kupanga safu za kukaguliwa, na kutoka hapo hata Makka ni kilomita 80 nyingine za gari. Hesabu yote hiyo na utaona kwamba safari ya saa nne huchukua mchana mzima na usiku wake. Mwenye kuwaambia wazazi wake, "Ni saa nne tu," amewadanganya bila ya kukusudia. Wao watajitayarisha kwa saa nne: dawa za saa nne, chakula cha saa nne na nguvu za saa nne.

Limebaki jambo la saa zenyewe, nalo limewakhasirisha watu. Saa ya Kenya na saa ya Saudia ni moja. Hapana haja ya kugeuza mkono wa saa. Na kwa kuwa tuko juu ya mstari mmoja, hata jua letu la Adhuhuri ni moja: Makka hututangulia kwa dakika moja na nusu tu. Nairobi, ambayo iko magharibi yetu, huingia Adhuhuri baada yetu kwa dakika 11, ijapokuwa saa ya ukutani ni ile ile. Lakini Magharibi si moja. Mwezi wa Juni mchana wa Makka ni mrefu, na jua huchwa huko baada ya kuchwa kwetu kwa kiasi cha dakika 45. Mwezi wa Disemba huwa kinyume chake. Mwenye kubeba mfukoni ratiba ya sala ya Msambweni akaitumia Makka, Adhuhuri yake itakuwa sahihi na futari yake itaharibika.

Ama tikiti huandikwa kwa hesabu ya saa 24 zinazoanza usiku wa manane. Ikiandikwa 14:30, hiyo ni saa 8 unusu za mchana. Ikiandikwa 02:10, hiyo ni saa 8 na dakika 10 za usiku, si saa 2. Na tarehe yake ni ya mchana unaofuata. Jamaa mmoja wa vijiji vyetu alikuwa na tikiti ya Ijumaa, 02:10. Mzee mwenyewe, kwa kufuata ada yetu kwamba usiku hutangulia mchana wake, alisema, "Ni usiku wa Ijumaa, basi tuondoke Alkhamisi." Mjukuu wake aliyesoma akamwambia, "La, babu, ni Ijumaa usiku." Wakaondoka Ijumaa baada ya sala ya Jamaa, na ndege ilikuwa imeshawashusha wenziwe Jidda tangu alfajiri. Hesabu ya mzee ilikuwa ndiyo, kwani usiku wa Ijumaa kwa Waislamu ni ule unaoanza kwa kuchwa jua la Alkhamisi, na tikiti kwa saa za baada ya usiku wa manane huafikiana nao. Basi kila uonapo saa inayoanza na sifuri, fahamu kwamba utalala kiwanjani usiku wa siku iliyotangulia.

Tuje sasa kwenye hukumu.

Wako wasemao kwamba kupunguza sala kuliwekwa kwa ajili ya taabu ya ngamia na jua kali, na kwamba aliyekaa juu ya kiti akiletewa chai hana taabu, basi na atimize. Maneno haya hayana nguvu. Sharia imeifunga rukhsa hii na safari yenyewe na masafa yake, haikuifunga na taabu, kwa sababu taabu haina kipimo. Mkulima wa Kinango huona taabu shambani kwake kila siku wala hapunguzi. Na mafakihi wetu wa madhehebu ya Shafi walilijibu suala hili kabla ya ndege kutungwa. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, ametaja katika Minhaj kwamba hukumu ya bahari ni kama ya bara, na kwamba mwenye kuyakata masafa baharini kwa saa moja hupunguza pia. Waliona chombo chenye upepo mwema kikikata marhala mbili kwa muda mchache, na hawakuiondoa rukhsa. Ndege haikuongeza ila wepesi juu ya wepesi.

Masafa hayo kwa Shafi ni marhala mbili, nazo kwa hesabu za leo ni kilomita 80 na ushei. Mtu wa Msambweni aendaye Mombasa kuuza samaki na kurudi hayafikii, basi hatapunguza. Lakini jirani yake aliyepanda gari lile lile akikusudia Jidda ni msafiri tangu alipoziacha nyumba za mwisho za mji wake, kwani kinachotazamwa ni mwisho wa safari aliyoinuia. Wawili hao wakisali Adhuhuri Likoni, mmoja atasali rakaa nne na wa pili mbili, na kila mmoja ni mwenye haki. Huyu wa pili aweza pia kuitanguliza Alasiri akaikusanya na Adhuhuri yake kabla ya kuingia kiwanjani, na hilo ndilo tunalomnasihi, kwani ndani ya ndege nafasi ya kusimama na kuelekea kibla ni finyu.

Ama mikati, hapa ndipo penye khatari, na khatari yake yatokana na kasi. Ndege yendayo kilomita 850 kwa saa hukata 14 kwa dakika moja. Mikati ya watu wa Yemen, nayo ndiyo iliyo upande wetu wa kusini, ni Yalamlam, iliyoko kama daraja moja kusini ya Jidda. Daraja moja ni kilomita 111, na hizo kwa ndege ni dakika nane. Hata ikiwa imeshaanza kushuka na kupunguza mwendo, si nyingi kuliko robo saa. Hapo rubani ameshakataza watu kusimama, na vyoo vimefungwa. Mwenye kungoja tangazo ndipo afungue sanduku atafute shuka zake amechelewa.

Wako wanavyuoni waliosema kwamba mwenye kuja kwa ndege aweza kuhirimia Jidda, na wenye kauli hiyo ni watu wa elimu, hatuwatukani. Lakini jamhuri wameikataa, na Baraza la Fikihi la Kiislamu lilipokutana Amman mwaka 1986 liliamua kwamba msafiri wa angani hutakiwa kuhirimia anapolingana na mikati, na akikhofu kupitwa, basi atangulize. Nasi twasema hivyo hivyo. Oga nyumbani, vaa shuka zako Mombasa au Nairobi, na ndege ikishaiacha nchi kavu ya Massawa na kuingia juu ya Bahari ya Sham tia nia na ulebbie. Kutoka hapo hata Jidda ni kilomita 670 hivi, yaani dakika 50. Katika ndege nyingi mbele ya kiti pana ramani yenye kuonyesha mahali ndege ilipo; iangalie hiyo badala ya kuangalia michezo. Kutangulia mikati kwa dakika chache hakudhuru. Kuchelewa kwa dakika moja hudhuru.

Haya ni kwa atokaye kusini. Aliyepitia Dubai huja kutoka mashariki, na mikati atakayolingana nayo ni Qarn al-Manazil, ya watu wa Najd, karibu na Taif; huyo atie nia bado akiwa juu ya nchi kavu ya Bara Arabu, wala asingoje kuiona bahari, kwani bahari ataiona akiwa ameshafika. Na anayekwenda Madina kwanza hana ihramu ndani ya ndege hata kidogo. Ataingia Madina na nguo zake, azuru, kisha atokapo kwenda Makka atahirimia Dhul-Hulayfa, panapoitwa leo Abyar Ali. Aulize mapema kwa mwenye kikundi chake ndege inashuka wapi, kwani miaka mingine mipango hubadilishwa siku za mwisho, na nguo huwa zimeshafungwa ndani ya mizigo mikubwa.

Kwa wanaokwenda Umra ya Ramadhani lipo suala moja zaidi. Aliye juu kimo cha kilomita 11 huliona jua kwa muda wa dakika 13 hivi baada ya kuwachwea walio chini yake. Huyo hafuturu kwa saa ya Msambweni, wala kwa saa ya Jidda, wala kwa adhana aliyoirekodi katika simu. Hufuturu jua linapozama mbele ya macho yake pale alipo. Na akiwa kiti chake hakiko dirishani, amuulize aliyeko dirishani.